Kalamu Namba Kumi na Saba

Sehemu ya Tisa

Karatasi ilikuwa imegeuka wingu la bluu.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu. Sebuleni kwa Mzee Sylvanus, Kijenge, saa nne na nusu asubuhi, bahasha ya posa imefunguliwa mbele ya ukoo, na ndani yake hakuna barua. Kuna doa. Jina la binti limeyeyuka. Jina la kijana limeyeyuka. Wino umetambaa kutoka juu mpaka chini kama chai iliyomwagika mezani.

Mzee Sylvanus aliinua karatasi akaielekeza dirishani, kama mtu anayekagua noti asiyoiamini.

"Hapa naona neno 'tunaomba'," alisema. "Halafu naona ziwa. Halafu huku chini naona 'wenu watiifu'. Sasa mnaomba nini? Maji?"

Mashangazi wa Hope, binti anayeposwa, waliotoka Moshi alfajiri kwa ajili ya shughuli hiyo, waliangua kicheko kwenye kochi refu.

Lerionka, kijana mwenye posa, hakucheka. Jasho lilimshuka mgongoni ndani ya suti ya kuazima. Barua ile aliiandika mwenyewe, jioni tatu mfululizo, kwa mwandiko wake bora kuliko wote, huko Oldonyosambu anakofanya kazi ya bwana mifugo. Alichana karatasi saba kabla ya kuridhika na ya nane.

Hope alisimama mlangoni mwa chumba cha kulia chakula, ameshika sinia la soda. Naye hakucheka.

"Imelowa wapi?" Mzee Sylvanus aliuliza. "Mvua haijanyesha tangu Jumanne."

Mzee Koikai alisafisha koo. Yeye ndiye mshenga, kaka wa marehemu baba yake Lerionka, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu.

"Haikulowa mvua, mzee mwenzangu. Niliibariki."

"Uliibariki vipi?"

"Kama tunavyobariki. Asubuhi kabla ya kutoka niliifungua, nikaitemea mate, na maziwa kidogo mdomoni. Mtoto akienda shule namtemea. Ndama akizaliwa namtemea. Barua ya kuleta mke nisiitemee?"

Mzee Sylvanus aliishika karatasi kwa ncha za vidole viwili.

"Umeitemea mate," Mzee Sylvanus alisema polepole, "barua inayoingia nyumbani kwangu."

"Baba Hope," mkewe, Mama Hedwiga, alisema kwa sauti ya chini, "hata bibi yangu kule Kibosho alitutemea kifuani tukiwa tunasafiri. Ni heri hiyo."

"Mama Hope, kaangalie jiko."

"Jiko nimezima."

"Kaliangalie lilivyozimika."

Mama Hedwiga aliondoka.

Mzee Koikai alibaki ameikazia macho karatasi ile. Alionekana kuumia kweli. "Nimebariki barua za posa nyingi," alisema, "za vijana wa kwetu wote. Hakuna hata moja iliyochuja. Lakini zile ziliandikwa kwa peni. Hii imeandikwa kwa nini?"

Lerionka alisimama. Kwa miezi miwili alikuwa akiisubiri dakika hii, na sasa imefika imechafuka. Lakini bado alikuwa na jambo moja la kumwokoa, au ndivyo alivyodhani. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kiboksi cheusi, akakishika kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

"Imeandikwa kwa hii, baba. Ni zawadi yako."

Ndani ya kiboksi, juu ya kitambaa cheupe, ililala kalamu ya wino. Kijani iliyoiva, pete ya dhahabu kiunoni, na kwenye pete namba ndogo zilizochongwa.

Hata mashangazi walinyoosha shingo.

Mzee Sylvanus alikuwa mthamini wa majengo na mashamba kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Angeitazama nyumba dakika mbili akakutajia bei yake, na watu aliwatazama hivyohivyo. Kijenge nzima ilijua kabati lake la vioo lililosimama pembeni mwa sebule, limejaa kalamu za wino kutoka Ujerumani, Italia na Japani, ambazo hakuna mtu aliyewahi kumwona akiandikia hata moja.

Alivaa miwani, akashika na lenzi mbele yake.

"Kumi na saba kati ya sitini."

"Ndiyo, baba," Lerionka alisema, na sauti ikaanza kumrudia. "Zilitengenezwa sitini tu dunia nzima. Hazitatengenezwa tena."

"Nani alikwambia?"

"Aliyeniuzia."

"Alikwambia pia kwa nini ni ghali?"

"Kwa sababu ni chache. Na ncha yake ni dhahabu."

"Hm." Mzee Sylvanus alifungua kifuniko, akaigeuzageuza ncha kwenye mwanga. "Kiwanda hichohicho kina kalamu ya kawaida, nyeusi, inauzwa robo ya bei ya hii. Ncha ni hiihii. Tumbo la wino ni hilihili. Inaandika hivihivi. Na wino wake ukiguswa na maji unakimbia, kama tulivyoona wote. Sasa zile robo tatu za pesa zilizobaki, kijana, unalipia nini?"

Lerionka aliitazama kalamu.

"Mwalimu akiuliza, mwanafunzi anajibu."

"Sijui, baba."

"Unalipia namba. Unalipia kujua kwamba wako watu hamsini na tisa wengine wenye kitu hiki, na jirani yako hayumo. Basi. Kwa mtu aliyeshiba ni mchezo mzuri, na mimi naucheza. Kwa mtu mwenye njaa ni ugonjwa." Alifunga kifuniko. "Ulinunua bei gani?"

"Baba, ni zawadi."

"Mimi hata jeneza nauliza bei."

"Milioni tatu na nusu."

Shangazi mmoja alipaliwa na soda.

Lakini usimtazame shangazi, msomaji. Mtazame Mzee Koikai. Kichwa chake kiligeuka taratibu kuelekea kwa mtoto wa mdogo wake, kama mtu aliyesikia mlio mbaya zizini.

"Ero, kijana," alisema. "Mshahara wako naujua. Hizo milioni umetoa wapi?"

Lerionka alitazama zulia.

"Nakuuliza mimi. Siyo huyu mzee. Mimi."

Mwezi wa nane, mitamba wanne wa mama yake Lerionka, wote wenye mimba, walisemekana kufa kwa mpigo mmoja. Ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Lerionka mwenyewe ndiye aliyewapima, akaandika cheti, akapiga muhuri wake wa bwana mifugo, akasema nyama isiliwe na kwamba ameshaizika huko bondeni. Hakuna aliyemuuliza swali la pili. Nani amuulize daktari?

"Mitamba wa mama yako," Mzee Koikai alisema.

"Baba mkubwa..."

"Wale wanne."

"Nilitaka nikubalike hapa, baba mkubwa. Ningewarudisha. Naapa ningewarudisha."

"Uliniambia ndigana. Nikakushika bega, nikakupa pole." Sauti ya mzee haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha. "Mama yako Naipanoi hakula siku mbili. Alikuwa analilia ng'ombe waliokuwa hai huko mnadani wanakula majani. Na ndama waliokuwa tumboni, uliwauza bei gani? Au hao ulitoa bure?"

Lerionka aliuficha uso kwa viganja.

Mzee Koikai alichukua fimbo yake, akasimama, akamgeukia mwenye nyumba.

"Mzee mwenzangu, nilikuja hapa kumsemea mtu ninayemjua. Kumbe simjui. Nisamehe kwa mate yangu. Niliyatoa kwa moyo mweupe."

Akatoka. Hakumtazama Lerionka. Geti lilifungwa nyuma yake, na mshenga akiondoka, msomaji, unajua posa hubaki imekaa peke yake kama yatima.

Lerionka alipiga hatua kumfuata.

"Kaa," Mzee Sylvanus alisema. "Hatujamaliza na kalamu."

"Baba, niruhusu nimkimbilie mzee..."

"Kaa."

Akakaa. Kwa nini alikaa? Miguu yake ilimtii mwingine, ndivyo ilivyokuwa siku hiyo.

Mzee Sylvanus alikwenda kwenye kabati la vioo, akafungua kwa ufunguo mdogo, akavuta droo ya katikati na kuja nayo mezani. Kalamu zilipangwa kwenye mahameli nyekundu, kila moja kwenye shimo lake. Shimo moja lilikuwa tupu. Chini yake kulikuwa na cheti chenye nakshi. Alikisogeza mbele ya Lerionka kwa kidole.

Namba kumi na saba kati ya sitini. Mmiliki: Sylvanus.

Lerionka alikisukuma cheti mbali.

"Sikuiba, baba! Haki ya Mungu, niliinunua! Nilimlipa mtu mkononi!"

"Najua. Arnold!"

Kutoka korido ya vyumbani alitokea kijana mnene kidogo, shati jeupe, sambusa iliyoumwa mkononi. Arnold. Arnold mwenye duka la vifaa vya ofisi Sokon One. Arnold aliyelala kitanda cha juu na Lerionka cha chini, bwenini, walipokuwa kidato cha tano. Arnold aliyemwambia mwezi wa saba: "Kaka, yule mzee namfahamu. Akiona barua ya peni ya mia tano, hata mlango hafungui. Niachie mimi, nitakutafutia kitu atakachokipigia magoti."

"Mambo, kaka," Arnold alisema sasa, akitafuna. "Usinichukie. Nilitumwa."

Mzee Sylvanus aliweka bahasha nene ya kaki juu ya meza.

"Pesa yako yote hiyo. Sijagusa hata mia. Mimi pesa yako niipeleke wapi? Nilitaka tu kujua mtu anayetaka mwanangu ana thamani gani, na sasa ninayo ripoti kamili. Chukua. Kanunue mitamba wako."

"Wameshachinjwa," Lerionka alisema.

Safari hii mashangazi hawakucheka.

Aliitazama bahasha, akamtazama Arnold na sambusa yake, na hatimaye hasira ikamjia, imechelewa lakini imekuja. Aliruka kutoka kitini.

"Mmenitega! Watu wazima, mmekaa mkapanga! Hope, umeona? Umeona wanayonifanyia?"

"Muulize vizuri huyo," Arnold alisema. "Yeye alijua."

Hope aliweka sinia chini.

"Uongo," Lerionka alisema. "Hope, mwambie ni uongo."

"Nilijua."

Neno moja tu. Msichana huyu anayesimamia chumba cha baridi kwenye shamba la maua Usa River, anayekaa saa nane kwenye ubaridi akihesabu mawaridi, hakuwahi kuonekana akitetemeka. Sasa alishika ukingo wa meza.

"Tangu mwezi wa saba," alisema. "Baba aliniita hapahapa. Akasema, 'Arnold atampelekea kalamu yangu. Akiikataa, akaja na barua iliyoandikwa kwa peni ya kawaida, siku hiyohiyo natoa baraka na sisemi neno. Akiinunua, wewe utaolewa na mtu nitakayemtaja mimi. Na ukimwonya, hata kwa jicho, hakuna posa.' Nikasema sawa."

"Ukasema sawa?"

"Nilicheka, Lerionka! Nilicheka nikasema sawa! Pasaka ulipoliona kabati lile, uliniambia nini pale nje? Ulisema, kalamu moja bei ya ng'ombe, na ng'ombe anakupa maziwa, hii hata wino unainunulia wewe. Nilijua nimeshashinda. Miezi miwili nalala vizuri. Nilishamwambia fundi anishonee gauni."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Hukufanya kwa ajili yangu. Mimi nilikuomba kalamu?"

"Kila nilipokuja hapa baba yako ananitazama mfukoni mwa shati. Hanisalimii, anatazama peni yangu. Wewe hujui jinsi inavyouma."

"Na mimi nilikuwa nakutazama wapi?" Hope aliuliza.

Jibu labda wewe msomaji unalo. Mimi sina.

"Vizuri," Mzee Sylvanus alisema, akirudisha namba kumi na saba kwenye shimo lake, taratibu, kama mama anayelaza mtoto. "Ahadi ni ahadi. Niliahidi kumtaja mtu, na leo namtaja. Arnold, nyoosha kola."

"Imeshanyooka, mzee," Arnold alisema, akajifuta makombo kidevuni. "Tangu jana."

"Baba Hope!" Mama Hedwiga alikuwa amerudi, kitambaa cha jikoni begani. "Mtoto wangu unamgawa kama mbuzi wa Krismasi? Kwa huyu? Huyu anayemuuza rafiki yake kabla ya chai?"

"Muulize mwanao kama alikubali au hakukubali."

Mama alimgeukia binti yake. "Hope. Mama. Ulikubali?"

"Nilikubali, mama."

"Kwa akili zako?"

"Kwa akili zangu. Nilikuwa na uhakika na mtu." Hope alimgeukia baba yake. "Sikatai, baba. Lakini posa imeletwa, na posa lazima ijibiwe. Kwa maandishi. Si ndivyo ulivyotufundisha? Kila jambo liwe kwenye karatasi."

Mzee Sylvanus alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Hilo lilimpendeza. Aliisogeza droo yote mbele ya binti yake. "Chagua uipendayo."

Hope hakuitazama droo. Alikwenda kwenye rafu ya redio, akachukua daftari la jumuiya la mama yake, akachana ukurasa wa mwisho, akachomoa peni iliyokuwa imechomekwa humo, kifuniko chake kimetafunwa. Aliandika amesimama, mgongo wake kwa watu. Haikuchukua muda. Alikunja karatasi mara mbili, akavuka sebule, akaiweka mkononi mwa Lerionka.

Vidole vyao havikugusana.

"Asome mwenyewe," Mzee Sylvanus alisema. "Kwa sauti. Dada zangu wametoka Moshi, wasirudi bila kusikia mwisho."

"Baba Hope, inatosha," Mama Hedwiga alisema.

"Asome."

Lerionka alifungua karatasi. Aliishika kwa mikono yote miwili. Na hapo, kwa peni ya mia tano, kwa herufi kubwa za mtu mwenye haraka, ilikuwa imeandikwa hivi:

*Sijakusamehe na huenda nisikusamehe. Jumatatu saa tatu, bomani, tukajaze fomu ya ndoa. Njoo na kitambulisho. Ukichelewa, basi.*

Alisoma mara moja. Hakuthubutu kuinua macho.

"Tunasubiri," Mzee Sylvanus alisema.

Lerionka alivuta pumzi.

"'Nimekataa posa yako,'" alisoma, na sauti ikamkatika palepale ilipotakiwa ikatike. "'Usirudi tena Kijenge. Usinipigie simu. Ni mimi, Hope.'"

Shangazi mmoja alijifuta jicho kwa ncha ya khanga. Mama Hedwiga aligeukia ukuta. Hope alisimama wima, uso wake haukusema kitu.

"Maneno machache, yamenyooka," Mzee Sylvanus alisema. "Huyo nimemlea mimi." Alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. "Lete nikaiweke kwenye faili."

Lerionka aliikunja karatasi.

"Naomba nibaki nayo, baba. Iwe kumbukumbu."

"Katika nyumba hii karatasi hazitoki. Lete."

Mkono ulibaki umenyooka. Na hapo Lerionka alihisi pumzi yenye harufu ya sambusa shingoni mwake, akatambua kwamba kuna mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake muda wote alipokuwa akisoma.

Arnold alikuwa ameisoma karatasi ile. Kila neno, mpaka nukta ya mwisho.

Alimtazama Hope. Hope alimtazama. Msichana ambaye hakuomba kitu asubuhi nzima, sasa aliomba, kwa macho tu, mbele ya watu wote na hakuna aliyeona isipokuwa mtu mmoja aliyeombwa.

Arnold alilamba mafuta kwenye kidole gumba. Halafu akaweka mkono wake begani mwa rafiki yake, kwa upole, kama zamani bwenini.

"Mpe tu, kaka," alisema. "Mpe mzee karatasi yake."